MATAYARISHO YA MTIHANI WA KUSEMA KISWAHILI KWA WAGENI

Katika mitihani yote inayomkabili mgeni ajifunzaye Kiswahili, ule wa kusema ndio mfupi kuliko yote, na ndio ambao matayarisho yake hukosewa zaidi. Mtihani wa kuandika una mipaka inayojulikana: kuna kitabu, kuna kurasa, na mwenye bidii aweza kuzipitia zote. Mazungumzo hayana kurasa. Hata hivyo watahiniwa wengi huyatayarisha kana kwamba yanazo. Hufika wamebeba hotuba tatu au nne walizozihifadhi moyoni: jina na kwao, kazi, jamaa, na sababu za kukipenda Kiswahili. Hotuba hizo hutoka vizuri, kisha humalizika katika dakika ya nne, na mtahini angali ana dakika 20 za kuuliza. Aghalabu hata hiyo ya nne haifiki, kwa kuwa mtahini aliyezoea kazi yake huitambua mara moja sauti ya mtu anayesoma kichwani. Hukatiza kwa swali dogo, na hotuba yote huanguka.

Mtihani wa namna hii si jambo geni katika historia ya Kiswahili. Seminari ya Lugha za Mashariki ilipofunguliwa Berlin mwaka 1887, Kiswahili kilifundishwa humo kwa watu waliotazamiwa kwenda kufanya kazi Afrika ya Mashariki, na walimu Wajerumani kama Carl Velten walisaidiwa na wenyeji wa lugha. Mmoja wao alikuwa Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalichapishwa mwaka 1903. Wakati wa Waingereza, baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 kuchagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, na Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki kuanza kazi mwaka 1930, ofisa wa serikali katika Tanganyika alipaswa kufaulu mtihani wa Kiswahili ndipo athibitishwe kazini. Kushindwa kulikuwa na bei, na bei hiyo ipo hata leo. Mtu anayetaka kazi ya ubalozi, au kijana wa Peace Corps atakayepelekwa kufundisha katika kijiji asikokuwa na wa kumfasiria, hupimwa ulimi wake kabla ya kuruhusiwa kwenda.

Lililobadilika ni swali linaloulizwa. Katika miaka ya 1950 Wizara ya Mambo ya Nchi za Nje ya Marekani ilianza kutumia kipimo chenye daraja kutoka 0 hadi 5, ambacho hakikuuliza mtu amesoma masomo mangapi wala anajua maneno mangapi, bali aweza kufanya kazi gani kwa lugha ile. Baraza la Marekani la walimu wa lugha za kigeni, liitwalo kwa kifupi ACTFL, lililoundwa mwaka 1967, lilikichukua kipimo hicho likakirekebisha kwa matumizi ya vyuo, na mwongozo wake wa mwaka 1986 ukaenea sana. Ulaya nayo ilitoa mwaka 2001 ngazi zake sita, kutoka A1 hadi C2. Tofauti za mifumo hii si ndogo, walakini shina lao ni moja, nalo ni kile mtu awezacho kutenda kwa kusema, papo kwa papo. Makala haya yataangalia zaidi mahojiano ya ACTFL, kwa kuwa ndiyo ambayo wanafunzi wengi wa Kiswahili katika vyuo vya Marekani hukutana nayo.

Mahojiano hayo huchukua kati ya dakika 15 na 30, aghalabu kwa simu, na hurekodiwa ili msikilizaji wa pili ayapime. Huanza kwa maamkizi na mazungumzo mepesi. Kisha mtahini hufanya kazi mbili kwa zamu. Kwanza hutafuta kiwango ambacho mtahiniwa hukimudu bila ya taabu. Ya pili, humpeleka juu ya hapo kwa swali gumu zaidi aone lugha itakatika wapi. Ni kama nahodha anavyotia bildi majini: akipata kina hapa husogea akatia tena pale, na hatosheki mpaka ajue mwamba uko wapi. Jambo hili watahiniwa wengi hawaambiwi, nalo limewadhuru. Mtu husikia ulimi wake ukigugumia katika dakika ya 12, akadhani ameshindwa, akaingiwa na woga, na woga ule ukamharibia hata maneno aliyoyajua tangu mwezi wa kwanza wa masomo. Kumbe kugugumia kule ndiko mtahini alikokuwa akikutafuta. Mahojiano ambayo lugha haikukatika popote chini ya daraja ya ubora ni mahojiano yaliyofanywa vibaya.

Daraja zenyewe zaweza kuelezwa kwa maneno machache. Wa daraja ya mwanzo husema maneno na vifungu alivyovihifadhi. Wa daraja ya wastani huweza kuunda sentensi zake mwenyewe, kuuliza na kujibu, na kukidhi haja nyepesi kama kupanga chumba au kununua tiketi. Wa daraja ya mbele husimulia na kueleza katika nyakati zote, kwa aya na si kwa sentensi mojamoja, na huweza kujitoa katika jambo lililoharibika ghafula. Wa daraja ya ubora hutoa hoja na kuitetea, hujadili mambo yasiyoshikika, na hudhani yasiyokuwapo. Daraja tatu za kwanza hugawanywa kila moja sehemu ya chini, ya kati na ya juu. Neno kubwa katika yote hayo ni kudumisha: kufanya jambo mara moja kwa bahati hakumpandishi mtu.

Kufikia hapa maelezo yangeweza kuwa ya lugha yoyote. Lakini mtahiniwa hatahiniwi katika lugha yoyote. Anatahiniwa katika Kiswahili, na Kiswahili hukatika mahali pake chenyewe. Kitabu cha matayarisho kilichotungwa kwa Kifaransa au Kihispania hakitamwonyesha mahali hapo.

Na kuanzwe kwenye maamkizi. Katika lugha nyingi za Ulaya dakika ya kwanza ya mahojiano haina uzito. Katika Kiswahili mtahini huweza kujua mengi kabla ya swali la kwanza. Mtahiniwa aulizwaye habari za kutwa akajibu "nzuri" akanyamaza amejibu kwa usahihi wa sarufi, lakini ameacha mzigo wote mikononi mwa mwenziwe. Mwenye lugha hurudisha: njema, sijui zako, za nyumbani, za kazi. Hata mwenye msiba au mgonjwa huanza kwa kusema njema au salama, ndipo alete ila yake: "Salama, ila mtoto ana homa." Mgeni anayeanza na homa hushtua. Kadhalika kuna "shikamoo", ambayo mgeni huifahamu siku ya kwanza, lakini huifahamu kama neno tu, wala hajui ni kwa nani. Hivyo mtu wa miaka 50 humwamkia mtahini wa miaka 25. Na kuna haja ya kuomba. "Nataka chai" ni sentensi sahihi, nayo masikioni mwa wengi ni ukali. "Naomba chai" ndiyo lugha ya mtu anayetegemea hisani. Katika maigizo madogo ambayo mtahini huweka katikati ya mahojiano (mkoba umesahauliwa katika basi, chumba kilichopangwa kimepewa mtu mwingine) mtahiniwa anayejua "samahani", "naomba unisaidie" na "tufanyeje sasa?" hufika mbali kuliko aliyehifadhi majina 200 ya vitu.

Majina ya vitu nayo hayafai kudharauliwa, lakini hayamaliziki, na siku ya mtihani ni lile moja lisilokuja ndilo litakalotakiwa. Hapa Kiswahili kimempa mwanafunzi msaada mkubwa kupita lugha nyingi, na ni ajabu jinsi unavyofundishwa kwa kuchelewa. Ni kauli ya kutendea ikiunganishwa na "cha ku-", "pa ku-" na nyinginezo. Aliyesahau chujio husema "kitu cha kuchujia chai". Aliyesahau ghala husema "mahali pa kuwekea mazao". Asiyejua jina la msumeno husema "chombo cha kukatia mbao". Msikilizaji hufahamu, mazungumzo hayasimami, na mtahini huandika kwamba mtu huyu hujua kuzunguka pengo. Mwanafunzi atumiaye juma zima kulizoea umbo hili moja, kwa kuelezana na mwenziwe vitu vilivyomo chumbani bila ya kuvitaja, amefanya matayarisho bora kuliko kuhifadhi orodha.

Sasa yafaa kusimama zaidi penye masimulizi, kwa kuwa hapo ndipo watahiniwa wengi wa wastani hukwama, na hapo ndipo hata watahini huweza kupotoka. Mwongozo wasema kwamba wa daraja ya mbele hutawala wakati uliopita. Mwanafunzi husikia hayo akafahamu kwamba atatakiwa "-li-". Basi husimulia hivi: "Nilipanda basi. Basi liliharibika. Tulishuka. Tulingoja. Dereva alikwenda kutafuta fundi. Alirudi usiku." Hakuna kosa hata moja la sarufi, na hakuna masimulizi. Yale ni mawe yaliyopangwa mstari mmoja. Mwenye kusimulia kwa Kiswahili husema: "Tulipokuwa tukikaribia Gairo, basi likaharibika. Tukashuka, tukakaa chini ya mti tukingoja, dereva akaenda kutafuta fundi. Na aliporudi jua lilikuwa limekwisha kuchwa."

Tofauti ya vifungu hivyo viwili haimo katika wakati, maana vyote ni vya wakati uliopita. Imo katika kazi ya kila kiambishi. "Tulipokuwa tukikaribia" hutandika uwanja ambao jambo litatokea juu yake. "-ka-" husogeza habari mbele, tendo moja likizaa jingine. Chenyewe hakina wakati wake, hukopa wakati wa kitenzi kilichotangulia au wa habari nzima. "Tukingoja" huonyesha tendo lililokuwa likiendelea pamoja na lile la kukaa. "Lilikuwa limekwisha kuchwa" hurudi nyuma kidogo, kuonyesha jambo lililokwisha kuwa kabla ya jingine. Mtahini anayehesabu "-li-" tu, kwa kuwa mwongozo uliandikwa na watu wenye lugha za Ulaya mbele ya macho yao, atahesabu kasoro kuwa sifa. Hili si dogo, kwani mtahiniwa ambaye amesikiliza masimulizi ya wenyeji na kuyaiga aweza kuonekana ameuacha wakati uliopita njiani, na yule wa mawe akaonekana ameutawala.

Katika masimulizi hayo kuna vijishimo ambavyo mwanafunzi aweza kuvifukia mapema. Vitenzi vifupi hubakiza "ku-" baada ya "-li-" na huiacha baada ya "-ka-" na "-ki-": alikuja, akaja, akija, alikula, akala, akila. Mgeni asemaye "akakuja" na "akakula" katika kila sentensi huweza kueleweka, lakini masikio ya mtahini huchoka. Neno "kabla" nalo lina desturi yake. Mgeni hufasiri kutoka kwao akasema "aliondoka kabla nilifika", ilhali Kiswahili hukanusha: "aliondoka kabla sijafika". Mantiki yake ni nzuri ukiifikiri: wakati ule wa kuondoka, kufika kulikuwa hakujawa. Mwanafunzi akielezwa sababu hiyo mara moja hasahau tena.

Upatanisho wa ngeli ndio ambao wageni huuogopa kuliko mambo yote, na woga huo si wa bure, walakini mara nyingi huwekwa pasipo pake. Katika sentensi fupi karibu kila mwanafunzi wa mwaka wa pili hupatanisha sawasawa. Kazi ipo katika masafa. Katika "vyombo vyangu vyote vile nilivyovinunua Kariakoo vimevunjika", jina moja limedai haki yake mara sita baada ya kutajwa. Mwanafunzi huanza vizuri, akafika kwenye kitenzi cha mwisho amesahau alianza na nini, akasema "zimevunjika". Mazoezi ya sentensi za maneno matatu hayaponyi ugonjwa huu. Huponywa kwa kusema sentensi ndefu kwa sauti, kila siku. Wepesi wa Kiswahili mwanzoni, yaani maandishi yake yanayosomeka kama yalivyo na irabu zake tano, umewaponza wengi. Chuo cha wanabalozi wa Marekani hukadiria majuma 36 ya masomo ya kutwa kwa Kiswahili, na 88 kwa Kiarabu. Mwenye kuisoma hesabu hiyo haraka huona wepesi, wala haoni kwamba 36 ni mengi.

Yafaa pia kukumbusha kwamba majina ya watu na wanyama hufuata njia yake yakiwa katika ngeli yoyote: kiongozi mpya amefika, si "kimefika", lakini rafiki yangu, rafiki zangu. Mtahini hatamhukumu mtu kwa kosa moja hapa. Atamhukumu kwa makosa yanayorudi.

Katika daraja ya ubora maswali hubadilika sura. Mtahiniwa huweza kuulizwa juu ya lugha ya kufundishia katika shule za sekondari, kisha akaambiwa: na kama serikali ingeamua vingine, ingekuwaje? Hapo hutakiwa "-nge-" na "-ngali-". Vitabu vya sarufi hutenganisha viwili hivi, kimoja kwa jambo liwezalo kuwa na kingine kwa lililokwisha kupita. Katika midomo ya wenyeji wengi mpaka huo umefifia, na "-nge-" husikika mahali pote. Vivyo hivyo "nisingekwenda" na "singekwenda" husikika vyote viwili. Mtahini mwenye haki huyakubali yote, madhali hoja imeshikana. Neno moja juu ya methali: watahiniwa wamepewa ushauri wa kuzitia kwa wingi, nao huzitia. Methali iliyokaa mahali pake hupendeza, lakini "haraka haraka haina baraka" iliyobandikwa mwishoni mwa hoja ya uchumi haiongezi kitu, na mtahini ameisikia juma hilo hilo kwa watu wanne.

Basi matayarisho yaweje? Jambo la kwanza ni kusema na mtu, si na kitabu. Mwenziwe huyo, akiwa mwenyeji wa lugha, asimsahihishe kila neno, afanye kazi ya mtahini, yaani asikilize, akatize, aulize "kwa nini?" na "ikawaje?", ampeleke mwanafunzi mpaka mahali anapoanguka, kisha amrudishe kwenye nchi kavu. Mwanafunzi aliyeanguka mara 30 mbele ya rafiki haogopi kuanguka mara moja mbele ya mtahini. Ya pili, habari moja isimuliwe mara kadhaa kwa wasikilizaji mbalimbali, na muda upunguzwe. Keith Maurice alieleza mwaka 1983 zoezi la dakika 4, kisha 3, kisha 2, nalo lafaa sana katika Kiswahili, kwa kuwa upungufu wa muda humlazimisha msimulizi kuacha vituo vya "-li-" na kukamata mkondo wa "-ka-". Hili si kuhifadhi hotuba, maana maneno hubadilika kila mara. Kinachobaki ni uzoefu wa njia. Ya tatu, mwanafunzi ajirekodi na ajisikilize, akitafuta kosa la namna moja tu kwa siku.

Kuna matamshi vilevile, ambayo kwa wengi hayahitaji kazi kubwa isipokuwa mahali pachache: ng'ombe na ngoma, kupa na kupaa, mkazo unaotofautisha barabara ya magari na barabara yenye maana ya sawasawa. Kiimbo husahauliwa zaidi, ijapokuwa E. O. Ashton alikitaja hata katika jina la sarufi yake ya mwaka 1944. "Umekula" na "umekula?" hutofautiana kwa sauti peke yake, na katika simu, ambako uso hauonekani, sauti ndiyo yote.

Ukimya nao unahitaji matayarisho. Kila mtu hutua kufikiri, hata mwenyeji. Lakini mwenyeji hutua kwa Kiswahili: yaani, sasa, tuseme, sijui niseme nini. Naye anaposikiliza hajinyamazii kama jiwe. Huitikia naam, ehee, kumbe, alaa. Mgeni asiyekuwa na viungo hivi hujaza pengo kwa miguno ya lugha ya mamaye, na mazungumzo huanza kuonekana kama kuhojiwa polisi. Ni maneno yasiyozidi 12, na mwalimu aweza kuyafundisha katika juma la kwanza.

Juu ya lahaja, mtahiniwa asihangaike kubadili siku za mwisho kile alichojifunza kwa miaka. Aliyekipata Kiswahili chake Mombasa, Nairobi au Unguja aseme cha huko, ajue tu mahali ambapo neno lake laweza kumpotosha msikilizaji wa kwingine, na awe tayari kulieleza. Kuchanganya mitindo miwili ambayo hakuna hata mmoja uliokaa vizuri ndiko kunakopoteza.

Mahojiano yakikaribia mwisho mtahini humshusha tena mtahiniwa hadi kwenye mazungumzo anayoyamudu, ili aondoke bila ya uchungu wa kule alikokwama. Huuliza juu ya jioni, au safari, kisha huaga. Kuaga kwa Kiswahili nako kuna mlolongo wake: haya basi, nashukuru sana, wasalimie nyumbani, tutaonana Mungu akipenda. Wengi huitikia "kwaheri" wakakata simu, huku mtahini angali katikati ya salamu za nyumbani.